Kizingiti cha Daraja

Clemens alikuja nyumbani kwetu Malangali, Sumbawanga, mara mbili, na mara zote mbili tulimpigia makofi.

Ndivyo tunavyosalimia Ufipa. Mtu unayemheshimu akiingia, unainama kidogo, viganja vinakutana taratibu, ndipo maneno yanafuata. Shangazi Cornelia alipiga magoti kabisa pale mlangoni. Bibi yangu, Gaudiosa, mwenye miaka sabini na nane, alipiga makofi akiwa ameketi kwenye kigoda chake. Na mimi, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, niliacha kazi uani, nikavua miwani ya kazi, nikaja kumpigia. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna mtu aliniambia baadaye kwamba tulijitakia wenyewe. Hatukujitakia. Tulikuwa na adabu.

Alichokuja kukitazama kilikuwa picha.

Ni picha ya kale ya daraja la mawe la mji wa Praha, huko Ulaya. Daraja lina matao mengi, na juu yake sanamu za watakatifu zimesimama pande zote mbili kama watu wanaosubiri msafara upite. Mwisho mmoja kuna mnara mrefu wenye lango. Chini kuna maji, mitumbwi miwili, na mwanamume mwenye kofia anayenyoosha kidole kwenye kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kukitambua. Padri mmoja mzee alimpa baba yake Bibi, marehemu Oswaldi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, siku Oswaldi alipomaliza kufua bawaba na misumari ya milango ya kanisa. Oswaldi alikuwa mhunzi, mtoto wa watu waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye yale matanuru marefu ya udongo tunayoyaita malungu. Padri alimwambia kwamba picha ile nayo ni kazi ya chuma. Fundi alichonga mistari yote kwa ncha ya chuma kwenye bamba la shaba, unywele kwa unywele. Akalipaka bamba wino, akalifuta mpaka wino ukabaki mistarini tu, akalaza juu yake karatasi yenye unyevu, akapitisha vyote kwenye mashine ya kukandamiza. Oswaldi alielewa mara moja. Alitengeneza fremu ya mninga, bila kioo kwa sababu kioo hakikupatikana, akaitundika sebuleni.

Bibi haoni. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne, kabla picha haijaingia nyumbani. Kwa hiyo daraja lile hajawahi kuliona hata siku moja. Ameambiwa. Baba yake alimwambia kwamba ule mnara umefanana na tanuru. Dada yake mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo. Alimwambia kuna mbuzi amepanda juu ya daraja, na Bibi akaishi na mbuzi huyo miaka kumi na mmoja mpaka mtu mwingine alipomwambia hakuna mbuzi.

“Nilimlilia,” Bibi husema. “Alikuwa mbuzi mzuri.”

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuambiwa. Lile bamba la shaba, lilipokandamizwa, liliacha mbonyeo kwenye karatasi kuizunguka picha yote, mstari mwembamba uliozama, kama alama inayobaki kiunoni ukifungua mkanda. Kwa macho unaupita bila kuuona. Bibi aliukuta kwa kidole akiwa mtoto wa miaka sita, peke yake, hakuna aliyemwelekeza. Akauita kizingiti. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ananawa mikono, anaikausha vizuri, anaweka kidole kwenye pembe ya chini kushoto, anapanda, anavuka juu, anateremka kulia, anarudi alipoanzia. Ndipo anaomba chai. Kwenye ile pembe ya kuanzia karatasi imegeuka kahawia.

“Mengine yote nimeambiwa,” aliwahi kuniambia. “Hiki sijaambiwa na mtu.”

Basi, Clemens. Si mgeni wa kutoka mbali, na hilo ndilo linaloongeza uchungu. Ni mtu wa Chala, na Bibi alimfahamu babu yake. Alisoma, akakaa Dar es Salaam miaka mingi, akarudi na miwani na sauti ya chini ya mtu anayejua kwamba atasikilizwa. Mara ya kwanza alisema anakusanya habari za vitu vya zamani kwa ajili ya kitabu. Aliiteremsha picha, akaipiga kwa kamera kubwa, mbele na nyuma, akawasha taa yake ndogo ya mwanga mweupe. Kisha akaomba kuipima. Nani alimshikia futi kamba? Mimi. Nilishika ncha moja, yeye akashika ncha nyingine, akaandika urefu na upana kwenye simu yake, nami nikamsomea milimita kwa sababu kazi yangu ni vipimo. Mpaka leo nikishika futi kamba nakumbuka.

Mara ya pili alikuja baada ya wiki tatu, mwezi wa sita, na begi pana la bapa begani. Alisema amekuja kushukuru. Alileta sukari na majani ya chai. Shangazi Cornelia akachinja jogoo, akasonga ugali wa ulezi, akaandaa meza sebuleni.

Na hapa lazima niseme jinsi tunavyolisha mgeni. Nyumbani kwa Bibi, mgeni wa heshima hatazamwi mdomoni. Unamwandalia, unamnawisha, unamkaribisha, kisha unatoka na kurudisha mlango, ale kwa raha zake, atafune mfupa apendavyo bila macho ya watu kumhesabia matonge. Hivyo ndivyo Bibi alivyolelewa na hivyo ndivyo alivyotulea. Basi tukatoka. Mwezi wa sita Sumbawanga, kila mtu anaujua upepo wake. Bibi alikaa uani amejifunga blanketi mpaka kidevuni. Shangazi alisimama karibu na jiko apate joto. Mimi nilikaa kwenye rundo la vyuma vyangu vyenye baridi. Tulikaa nusu saa na zaidi, tukinong'ona ili tusimsumbue.

Ndani, mtu wetu alikuwa anang'oa misumari ya Oswaldi nyuma ya fremu.

Tena alikula. Hilo ndilo linaloniwasha. Angekuwa mwizi wa kawaida angeacha chakula, angekuwa na hofu. Yeye jogoo alimmaliza. Tulipogonga na kuingia, mifupa ilikuwa imepangwa pembeni mwa sahani, begi limefungwa, na daraja liko ukutani ndani ya fremu yake ya mninga. Akapiga makofi ya shukrani. Sisi tukapiga pia. Nilimsindikiza mpaka stendi, na begi nikambebea.

Asubuhi yake Bibi alinawa mikono.

Nilikuwa nakunywa uji. Nikamwona anaweka kidole, anapanda, anasimama katikati. Akarudi chini, akaanza upya. Akajaribu pembe nyingine.

“Cornelia,” akaita. “Mmeweka nini hapa?”

“Wapi, mama?”

“Hapa ukutani. Hii nini?”

Shangazi akaja na mwiko mkononi, akatazama. “Si picha yako, mama? Daraja hilo hapo.”

“Siyo.”

“Bibi, ni ileile,” nikasema mimi. Ndiyo, mimi. Sikuinuka hata kwenye kiti. “Mnara ule pale, mitumbwi ile pale. Hata pale unapoanzia pana ule ukahawia.”

“Wewe unatazama,” akasema. “Nani amekuambia utazame? Njoo ushike.”

Nikainuka kwa kumridhisha mzee. Nikapitisha dole gumba. Karatasi ilikuwa laini kama kalenda ya duka la pembejeo. Hakuna mbonyeo, hakuna kizingiti, hakuna kitu. Nikaisogeza dirishani, na ule ukahawia wa pembeni ulikuwa umechapwa. Wino! Miaka sabini ya kidole cha Bibi ilikuwa imepigwa picha na kuchapwa kwa mashine, ili sisi wenye macho tudanganyike. Na tulidanganyika. Mashine ile ilijua kwamba hakuna atakayeshika.

Sitasema nilichosema siku ile, kwa sababu Shangazi aliniambia nikatubu.

Simu ya Clemens ilikuwa haipatikani. Shangazi akataka twende polisi. Bibi akakataa.

“Wakiikamata watamuuliza nani kama ndiyo yenyewe? Watakuuliza wewe uliyesema ni ileile? Tutakwenda ikionekana iko wapi. Nitaishika mwenyewe.”

Kwa wiki mbili hakugusa ukuta. Alinawa mikono kwa mazoea, akaikausha, kisha akabaki nayo mapajani kama vitu alivyoachiwa na mtu amtunzie. Chai akawa haiombi, mpaka apewe. Mimi nilikuwa nachomelea geti la mtu huku nimeuma meno hadi taya zinauma.

Kisha Elia akanitafuta. Elia ni mshikaji wangu, analeta dagaa na migebuka kutoka Kipili, ziwani, kuja kuuza Sumbawanga, na hupenda kupiga picha kila mahali anapolala ili aturushie sisi tusioliona ziwa. Akanionyesha simu: yeye mwenyewe amekaa kwenye kochi jekundu, meno yote nje, na nyuma yake ukutani, ndani ya fremu inayong'aa kama dhahabu, daraja.

“Oya Timoth, mbona hili kama mwenzake lile la Bibi yako?”

“Hapo wapi?”

“Kipili, gesti mpya ya Mama Epifania. Mpwa wake ndiye ameipamba, jamaa mmoja anavaa miwani. Anasema wageni wanapenda vitu vya kale.”

Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye basi, Bibi na mimi. Nakala ile nilikuwa nimeiviringisha ndani ya kitenge cha Shangazi. Tulipita Chala, tukapita Namanyere, barabara ikaanza kuteremka kuelekea ziwani na joto likaanza kupanda. Bibi akafungua blanketi, akavua sweta moja, kisha la pili.

“Timoth.”

“Naam, Bibi.”

“Ukimpiga tutaambiwa sisi ndio wabaya.”

“Simpigi.”

“Unapumua kama mivukuto ya baba yangu. Pumzika.”

Gesti ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Sakafu ya vigae, feni ya dari, harufu ya rangi mpya. Kwenye mapokezi kulikuwa na wafanyabiashara watatu wa samaki wanakunywa chai. Na ukutani, juu ya kochi jekundu, lilikuwa daraja letu. Chini yake alikuwa amesimama Clemens, anarekebisha mashada ya maua ya plastiki.

Alipotuona, uso wake ulibadilika mara moja tu, kama taa umeme ukikatika na kurudi. Kisha akainama.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba,” Bibi akajibu. Akageuza uso kufuata sauti. “Nimekuja kuchukua picha yangu.”

“Picha gani tena, Bibi? Si iko nyumbani?”

Nikafungua kitenge, nikatandaza nakala juu ya meza ya wafanyabiashara. Walisogeza vikombe vyao wenyewe. Watu wakatazama mezani, wakatazama ukutani, wakatazama mezani.

“Mapacha hao,” mmoja akasema.

Mama Epifania akatoka ofisini. Mwanamke mnene, mtulivu, funguo kiunoni, mtu aliyezoea kuamua mambo. Alitusalimu vizuri, akamwekea Bibi kiti, akauliza kuna nini. Nikamweleza yote, kuanzia kamera mpaka mifupa ya jogoo, na kwamba Bibi ataitambua yake kwa kidole. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akamgeukia mpwa wake.

“Wewe uliniambia ulipewa na watu waliokuwa wanahama.”

“Mama mkubwa, sikiliza.” Clemens akavua miwani, akaifuta. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini. “Nyumba yao imejaa moshi. Fremu ina mchwa. Kile ni kitu cha thamani ya kihistoria, kimekaa kwa watu ambao hawajui hata ni mji gani.”

“Praha,” nikasema.

“Ndugu yangu, wewe unachomelea mageti. Sikulaumu. Mimi nimeiokoa. Miaka kumi mingine ingekuwa vumbi. Hapa inatazamwa na watu. Na sikuwaacha mikono mitupu, niliwaachia picha ileile, karatasi ya kisasa, haiingii unyevu. Ni ileile! Mmeitazama wenyewe hamkuona tofauti.”

“Kama ni ileile,” nikasema, “chukua hii ya mezani uitundike hapo juu, utupatie hiyo. Utapoteza nini?”

Wafanyabiashara wakacheka. Clemens hakucheka.

“Hapana, sikia. Bibi mwenyewe haoni.” Akanyoosha mikono kwa watu, kama mwalimu anayewaonea huruma wanafunzi. “Haoni! Samahani, Bibi, simaanishi vibaya. Lakini picha, kwa mtu asiyeona? Ilikuwa inamsaidia nini?”

Mikono yangu ilikuwa imeshakunjana yenyewe. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka kumi na tisa.

“Iteremshe,” Mama Epifania akasema.

“Mama mkubwa...”

“Nimesema iteremshe. Itoe kwenye fremu. Mama amesema ataitambua kwa kushika, basi ashike. Akiitambua ni yake. Asipoitambua, na mimi nitakuwa nimetenda haki.”

Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi kama mjinga. Nilimshika Bibi mkono nikijua tumeshamaliza, kwamba kidole kitazunguka mara moja tu mbele ya watu wote na Clemens atatafuta pa kuficha uso. Mfanyakazi akaleta maji na taulo. Bibi akanawa, akakausha kidole kimoja kimoja. Clemens akaondoa vibanio vya fremu ya dhahabu, akalaza karatasi mezani, kando ya nakala. Alifanya kazi hiyo polepole, na safari hii hakunitazama.

Bibi akaweka kidole pembe ya chini kushoto.

Akapanda. Akasimama. Akarudi chini. Akaanzia kulia. Akavuka juu, akateremka. Uso wake ukaanza kupotea, sijui niseme vipi. Kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta ukuta mahali pa mlango. Akahamia kwenye ile nyingine, nakala, akaizunguka pia. Akarudi.

“Zote hazina,” akasema kwa sauti ndogo.

“Bibi, jaribu tena.”

“Timoth, hazina.”

Mmoja wa wafanyabiashara akaguna. Mama Epifania akakohoa. “Mama, mimi nilikuwa tayari. Lakini kama hata wewe mwenyewe huitambui...”

“Nilisema,” Clemens akaanza. “Wazee wetu, na umri huo, kumbukumbu...”

Nikainama juu ya meza mpaka pua ikakaribia karatasi. Mimi nimekata vyuma tangu nina miaka kumi na saba. Najua pembe iliyokatwa na pembe iliyozaliwa hivyo. Karatasi ya zamani huwa na kingo zilizofifia, zilizolainika kama pindo la shuka kuukuu. Hii kingo zake zilikuwa nyeupe, kali, mpya. Pande zote nne. Nikakumbuka milimita nilizomsomea kwa mdomo wangu. Nikatoa futi kamba mfukoni.

“Imepungua,” nikasema. “Upana imepungua sentimita sita. Urefu sentimita tano na nusu. Ameikata.”

“Nani ameikata?” Mama Epifania akauliza, lakini alikuwa anamtazama mpwa wake.

Clemens akavaa miwani. “Fremu ilikuja tayari, ilikuwa ndogo kidogo. Nilipunguza kando tu. Sikugusa picha! Tazameni, daraja lote lipo, mnara upo, hakuna mstari hata mmoja uliopotea. Nilikata karatasi tupu. Ile nyeupe ya pembeni, isiyo na kitu.”

“Isiyo na kitu,” Bibi akasema.

“Ndiyo, Bibi. Tupu kabisa.”

Bibi alirudisha mkono mezani, safari hii bila haraka, akaanza kufuata ukingo mkali kwa ukucha. Alipita upande wa chini wote. Akapanda kulia. Karibu na pembe ya juu, mahali mkasi ulipoyumba ukatoka nje ya mstari, ukucha wake ukasimama. Ukarudi. Ukapita tena.

“Hapa,” akasema. “Kimebaki.”

Akamshika Mama Epifania mkono bila kuuliza, akaweka kidole chake pale. Yule mama akafumba macho. Nilimwona anafumba.

“Kuna kama mfereji,” akasema.

“Ndiyo. Mdogo.”

“Mdogo sana. Kama punje ya mchele.”

“Kilikuwa kinazunguka chote,” Bibi akasema. “Kutoka hapa unakwenda mpaka kule, unateremka, unarudi. Mimi hilo daraja sijawahi kuliona, mama. Na hao watakatifu sijawahi kuwaona. Watu wananiambia liko zuri, nami nawaitikia. Kilichokuwa changu ni hiki. Mwulize viko wapi vipande.”

Mama Epifania akamgeukia mpwa wake.

“Nilivichoma na takataka,” Clemens akasema.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi nilitembea mpaka mlangoni, nikatazama nje, ziwa liko pale limetulia kama halihusiki, nikarudi. Nilitaka apaze sauti ili nami nipaze. Hakupaza. Mtu wa aina yake hapazi.

Mama Epifania akaingia ofisini, akarudi na karatasi na kalamu. Alikuwa amechoka ghafla. Akasema picha ni yetu, tuichukue, na chakula cha mchana atatulisha yeye. Ila anaomba tuandikishane, watu hawa watatu wawe mashahidi, ili jambo liishie hapa, lisifike polisi Namanyere wala Sumbawanga. Kijana ana jina lake, na gesti ndiyo kwanza imefunguliwa. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, kisha akanipa nisome kwa sauti. Yalikuwa maneno mawili matatu: kwamba sisi, familia ya Gaudiosa wa Malangali, tumepokea picha yetu ya daraja ikiwa salama, na hatuna madai.

“Ikiwa nini?” Bibi akauliza.

“Salama,” nikasoma tena.

“Hatutii saini,” nikasema.

“Kijana,” Mama Epifania akasema, “nimekurudishia. Unataka nini zaidi? Vipande vimeshaungua. Nikuundie?”

“Sitaki kitu. Sitaki neno hilo.”

“Ni neno tu.”

“Kwake yeye ilikuwa karatasi tu. Kwako ni neno tu. Nyumbani kwetu alikula jogoo mzima, tukakaa nje kwenye baridi kwa heshima yake, na leo tuandike kwamba tumerudishiwa salama?”

“Basi ibaki,” Clemens akasema haraka. “Kama hawataki kusaini, mama mkubwa, ibaki mpaka...”

“Wewe nyamaza!” Sauti ilikuwa ya Mama Epifania, na kalamu iliruka mezani.

Bibi akanyoosha mkono hewani mpaka akaipata ile karatasi. Akaikunja mara moja, akaikunja mara ya pili, akaiweka chini ya kikombe cha mtu.

“Iandikwe nyingine,” akasema. “Na aandike yeye.”

“Nani, Bibi?” Clemens akauliza.

“Wewe uliyesoma. Kaa.”

Alimtazama mama yake mkubwa. Hakupata msaada. Akakaa, akachukua kalamu.

“Andika jina lako lote. Na la baba yako, maana babu yako nilimfahamu, alikuwa mtu wa kweli. Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Andika: nilipewa chakula katika nyumba ya Gaudiosa, wenyewe wakatoka nje, mimi nikaiba.”

“Bibi, tungesema nilichukua...”

“Nikaiba.”

Kalamu ikakwaruza. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameinuka kuchungulia.

“Maandishi yake madogo kama ya sisimizi,” akasema.

“Andika makubwa,” Bibi akamwambia Clemens. “Unaona mimi sioni.”

Watu wakaangua kicheko, hata yule mfanyakazi wa taulo. Shingo ya Clemens ikawa nyekundu licha ya weusi wake. Akaandika makubwa.

“Sasa andika: picha nimeirudisha, lakini si salama. Niliikata kwa mkasi pande zote nne.”

“Nimeandika.”

“Nilikata mahali alipokuwa anapaona.”

Clemens akainua kichwa. Nilimwona akitafuta jinsi ya kulisema kwa upole, na nilimwona akilipata.

“Bibi, hilo... mtu akisoma hataelewa. Anapaona vipi, wakati wewe...”

“Andika.”

“Tungesema, mahali alipopazoea...”

“Mwanangu,” Bibi akasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake kali kuliko yote ya siku ile, “umeniambia mbele ya watu hawa kwamba mimi sioni. Nimekusikia. Nilikuwa naona mahali pamoja duniani, upana wake kidole kimoja. Umepachoma pamoja na takataka. Andika kwamba nilikuwa napaona.”

Akaandika.

Akatia saini. Mama Epifania akatia yake kama shahidi, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Wafanyabiashara watatu wakafuata. Kisha Bibi akaniambia nisome, nami nikasimama katikati ya mapokezi yale, chini ya msumari uliobaki mtupu ukutani, nikasoma kuanzia jina la baba yake mpaka mwisho. Watu wawili waliokuwa wanapita barabarani wakasimama mlangoni kusikiliza. Nilipofika mwisho Bibi akasema nirudie, kwa hiyo nikarudia, na safari hii sikujali sauti yangu inafika wapi.